Ng'ombe Kumi na Moja na Kibuyu

Kifurushi kilifika Jumamosi, kikiwa kimetanguliwa na harufu yake. Kabla mlinzi hajaniita getini, bweni zima la wasichana lilishajua kwamba kuna mtu ametumiwa dagaa, na kwamba mtu huyo, kama anapenda amani, itabidi agawe. Kilikuwa kiroba kilichoshonwa mdomo kwa kamba ya katani, kimesafiri kwa basi kutoka Nyashimo, kimekaliwa na mizigo ya watu. Nikakifumua juu ya kitanda changu. Dagaa, gazeti, dagaa tena, halafu katikati kabisa, limezungushiwa kipande cha kitenge, boga.

Boga linalonuka dagaa. Sijawahi kunusa kitu cha namna hiyo maishani, na nimelala bweni moja na wasichana arobaini kwa miaka mitatu.

Rehema, anayelala kitanda cha juu yangu, alishashuka na kisu. Baba yake ni ofisa aliyehamishiwa huku kutoka Tanga, na mpaka leo Rehema anaamini kila chakula kinaokolewa na nazi.

"Doto, shoga yangu, tulikate tulichemshe. Na nazi."

"Nazi utaitoa wapi Bariadi?"

"Basi bila nazi."

"Halikatwi."

"Halikatwi kwa nini? Boga nalo lina ndugu?"

Nikalivutia kwangu bila utani wowote, na wanaonijua watawaambia hiyo si kawaida yangu. Mimi ndiye niliyefagia uwanja wiki nzima kwa kosa la kumwigiza makamu mkuu anavyopiga chafya, makamu mkuu akiwa nyuma yangu. Lakini boga lile lilikuwa na pembe. Mbili, za maganda ya ukwaju yaliyopinda, zimebandikwa kwa udongo wa kichuguu. Moja ilivunjika ncha njiani. Ubavuni lilikuwa na baka la chokaa. Na mimi, Doto mwenye mdomo, nilijikuta nimelikinga kwa mikono yote miwili.

"Lina ndugu," nikamwambia Rehema. "Kaa."

Na nyie kaeni. Nina miaka kumi na saba, kwa hiyo naruhusiwa kusema zamani.

Zamani basi, mimi na pacha wangu Kulwa tulilelewa na Bibi huko Shishiyu. Baba na Mama walikuwa walimu wa shule ya mbali, walipewa nyumba ya chumba kimoja, na sisi tulikuwa na kelele za vyumba vitatu. Kwa Bibi kulikuwa na nafasi ya kupigia kelele mpaka kwenye majaruba ya mpunga. Na kulikuwa na Sengi.

Kisukuma, dada wa baba yako ni sengi. Sisi tulidhani ndilo jina alilobatizwa. Alikuwa kitinda mimba wa Bibi, ana mwanya, na kicheko chake kilikuwa kinafukuza kuku. Ndiye aliyetuogesha, ndiye aliyetukimbiza, na ndiye aliyetufundisha kazi ya maboga, kazi ambayo mpaka leo sijaona somo shuleni linaloifikia.

Ilikuwa hivi. Kila baada ya mavuno Bibi alichagua maboga ya mbegu. Alipita kati ya mabua ya mahindi akiyagonga kwa kidole, anainamisha sikio, kama daktari anayesikiliza kifua cha mgonjwa mtoro wa dawa. Yaliyofaulu yaliletwa ndani na kupangwa kwenye kona ya chumba chake, juu ya nyasi kavu, na hapo hayakuguswa na kisu mpaka mvua zikaribie. Yalikuwa ya kijivu yenye mistari, nyama yake kavu kama ya kiazi, tamu bila kusaidiwa. Mbegu alipewa na mama yake siku anaolewa. Sokoni huyapati. Ungeweza kuvunja sahani kwa Bibi, ungeweza hata kumpoteza mbuzi ukajitetea. Lakini kisu na maboga ya kona ile, hapana.

"Mayu amekataza kisu," Sengi alisema siku moja, maana kwa Kisukuma mama ni mayu, akiwa amebeba boga moja mpaka uani, analiweka juu ya magunzi manne. "Hakukataza kingine. Huyu nani?"

"Boga," tukasema.

"Mmemtukana. Ni nguruwe huyu, muombeni radhi."

Tukamuomba radhi. Alipombandika pua ya kipande cha gunzi, kweli alikuwa nguruwe, na alionekana ametusamehe.

Tangu hapo ikawa kila msimu. Sheria ilikuwa moja: chochote unachobandika lazima kibanduke bila kuacha kovu, kwa sababu Bibi alikuwa anakagua jioni kwa kidole gumba. Gundi yetu ilikuwa udongo wa kichuguu uliokandwa na maji kidogo. Rangi nyeusi, masizi ya sufuria. Nyeupe, chokaa. Nyekundu, udongo wa kisimani. Masikio yalikuwa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, na tatizo la michembe ni kwamba Kulwa alikuwa na njaa, kwa hiyo wanyama wetu wengi walikuwa viziwi. Kanga tulimpaka masizi halafu Sengi akamdondoshea chokaa kwa ncha ya unyasi, tone, tone, tone, kanga mzima. Kondoo tulimvika pamba. Pamba ilikuwa imejaa chumba kizima ikisubiri msimu wa kuuza ufunguliwe, na sisi tulikuwa tunalala juu yake, kwa hiyo kuchomoa kidogo hatukuhesabu kuwa ni wizi.

"Boga langu limevaa," Bibi alisema alipomuona yule kondoo, "na mimi shuka langu lina matundu."

Fisi alitushinda. Tulimjaribu mara tatu, na kila mara alitoka anafanana na mwenyekiti wa kitongoji. Sengi aliogopa mwenyekiti atapita, tukamvuta masikio haraka akawa sungura.

Naeleza haya kwa urefu ili mnielewe nitakapofika kwenye upumbavu wangu. Kwangu mimi, Sengi hakuwa mtu anayeweza kuondoka. Alikuwa kama paa la nyumba.

Halafu akaja mchumba. Alikuwa na duka la vipuri vya pikipiki Nyashimo, na alikuwa mtu mzuri, jambo lililotukera sana. Alituletea sato wa kukaanga. Kulwa alikula, mimi nikakataa kwa dakika nzima. Sengi siku hizo alianza kujipaka mafuta yanayonukia maua, na kicheko chake kikapungua sauti. Kuku wakawa wanashinda uani bila wasiwasi.

Nilikuwa na miaka sita. Jioni moja Baba alikuja na pikipiki kutoka kazini kwake, akasimama na Bibi kwenye zizi. Zizi lile lilikuwa la marehemu Babu, na lilikuwa tupu. Ng'ombe waliisha kwenye ukame nilipokuwa mchanga. Yalibaki magogo ya mlangoni, ua wa minyaa, na samadi iliyokauka mpaka ikawa unga. Mimi nilikuwa nimejificha kwenye minyaa kwa sababu zisizohusiana na habari hii.

"Kumi na mbili, Mayu," Baba alimwambia Bibi. "Wameshakubali. Zizi la Baba litakuwa na ng'ombe tena."

"Na nyumba yangu itakuwa haina mtu," Bibi akasema.

"Wakifika ng'ombe, binti anakwenda. Ndiyo utaratibu."

Basi. Mtoto wa miaka sita ana akili nyingi, ila zote zinaelekea upande mmoja. Nilielewa hivi: Baba anaumia kuona zizi tupu. Hana ng'ombe. Ana dada. Anamtoa dada apate ng'ombe. Kwa hiyo zizi likijaa kwa njia nyingine, Baba hatakuwa na haja, na Sengi anabaki. Nilimpelekea Kulwa hesabu hii kwenye lundo la pamba. Kulwa ni mkubwa kwangu kwa dakika chache na hajawahi kuniacha nisahau.

"Ng'ombe tutawatoa wapi?"

"Kwenye kona ya Bibi."

Akafikiri. "Maboga hayali majani."

"Ndiyo uzuri wake. Hata ukame ukija, hawafi."

"Baba atajua."

"Baba anavaa miwani. Tutawaweka mbali."

Siku ya wageni, Bibi na majirani walikuwa jikoni tangu alfajiri, Baba anahangaika na viti vya kuazima. Hakuna aliyetuangalia. Tulihamisha maboga moja moja, tumeyakumbatia kama watoto wachanga, tukipitia nyuma ya choo. Yalikuwa kumi na moja. Nikahesabu tena, nikamlazimisha Kulwa naye ahesabu. Kumi na moja.

Tukiwa kwenye masizi mpaka viwikoni, akaja Sengi. Alikuwa amesukwa, amevaa kitenge kipya, na alitakiwa awe amefichwa chumbani mpaka aitwe. Alichungulia kwenye ua, akatuona, akaona kundi. Nilidhani tumekwisha. Yeye akachuchumaa.

"Pembe zinaanguka kwa sababu udongo umezidi maji," alisema. "Na ng'ombe wa kwetu pembe zake haziangalii chini, siyo mbuzi hawa. Lete." Akachukua maganda ya ukwaju, akampachika mmoja aliyepakwa udongo mwekundu, vizuri, zikapanda juu na kurudi ndani kidogo. "Wa nini wengi hivi?"

"Wa zizi la Baba," nikasema. Sikudanganya.

Akacheka, kile kicheko chake cha zamani chenyewe, kuku wakatawanyika. "Mnawapokea wageni kwa heshima," akasema. Akakaa nasi mpaka mtu akamwita kwa ukali kutoka ndani. Alinisaidia kupaka mabaka ng'ombe watano kati ya wale niliokuwa nawatengeneza ili asiende. Hilo nimelifikiria sana, hasa kwenye vipindi vya hesabu.

Wa kumi na mbili ilibidi awe kibuyu. Kilikuwa kibuyu cha Bibi cha kusukia maziwa ya kununua, tukakilaza kwenye magunzi, tukakipa pembe. Shingo ilikuwa ndefu mno. Kulwa akasema anafanana na bata. Nikamwambia anyamaze.

Alasiri wageni wakafika. Fuso iliwashusha barabarani, wakaja kwa miguu wakiwaswaga ng'ombe wa kweli kumi na wawili, waliokaa ndani ya gari tangu asubuhi bila kula. Mbele alikuwa baba mkubwa wa mchumba, mzee mfupi mwenye kofia ya pama. Nyuma, ameshika kamba ya dume, mchumba mwenyewe, viatu vyake vipya vimeshapata samadi.

"Mwadila, baba," Baba akasalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila, ngosha. Mhola?"

"Mhola duhu. Karibuni. Tuanzie zizini, ng'ombe wapumzike."

Wakafika zizini. Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya magogo ya mlango, mikono nimeipanua. Nyuma yangu, kwenye samadi kavu, kumi na wawili wamejipanga, wote wanaangalia mlango.

Nilimuona Baba anavua miwani, anaifuta, anaivaa tena. Kijana mmoja wa upande wa wageni akamnong'oneza mwenzake, kwa sauti ya watu wote, "Wanatucheka hawa. Wanasema ng'ombe wetu ni maboga." Baba uso ukambadilika. Sikujua wakati ule kwamba kwa jambo kama hilo watu wanaweza kugeuza na ng'ombe wao wasirudi tena, na aibu ikabaki kwa binti.

"Doto," Baba akasema, taratibu sana. "Toka hapo."

"Sitoki. Zizi limejaa, Baba. Hawa ni wa kwako." Nikamgeukia mzee wa pama. "Shikamoo. Wenu rudini nao Nyashimo."

"Mzee, ni utoto," Baba alisema. "Tusameheane. Nitamchapa sasa hivi mbele yenu."

Mzee wa pama akainua fimbo yake kidogo, kumzuia. Akaniangalia. "Marahaba. Wangapi?"

"Kumi na mbili."

"Kwetu ng'ombe hapokelewi bila kukaguliwa. Nikague?"

Sikutegemea swali hilo. Nikampisha kidogo, yeye tu. Akaingia, akaanza wa kwanza, kwa utaratibu, kama mnadani. Akamzunguka. Akainama kutazama mdomo.

"Huyu mzee. Meno hana."

"Hakuwahi kuwa nayo," Kulwa akasema.

"Huyu ana mimba, nzuri. Huyu kiziwi."

"Masikio ameyala Kulwa," nikasema.

Watu wakaanza kucheka, wale vijana pia. Akamsifu yule mwekundu, akasema pembe zake amezijenga mtu anayejua ng'ombe. Akaendelea mpaka mwisho wa mstari. Hapo akavua kofia.

"Na huyu?"

"Ng'ombe wa kisasa," nikasema.

Akamshika shingo, akamtikisa. Ndani mtindi ukasikika, chubwi, chubwi. "Huyu peke yake ndiye mwenye maziwa," alisema, na sasa hata Baba alikuwa ameziba mdomo. Lakini mzee hakucheka. Alinirudia, akachuchumaa mbele yangu, magoti yakalia.

"Mayu," akaniita, kama mtu mzima, "umefuga vizuri. Lakini ni kumi na moja na kibuyu. Baba yako na mimi tulipatana kumi na mbili. Wangetimia, ningegeuza."

Mpaka leo sijui kama angegeuza. Nilichojua ni kwamba nimeshindwa kwa haki, kwa boga moja, na kwamba kosa ni langu. Nikaanza kulia, kilio kile cha makamasi, bila kuondoka mlangoni.

Ndipo Sengi alipotoka. Bibi alimvuta kitenge, akaponyoka, akaja mbele ya wageni wote kabla hajaitwa.

"Doto. Kwa hiyo ndiyo maana ya zizi?"

"Baba anakutoa apate ng'ombe."

Akaangalia wale watano wenye mabaka ya mkono wake. Akakaa chini, na kitenge kipya, kwenye vumbi la samadi. "Baba yako anataka ng'ombe, sawa. Mimi namtaka yule." Akamuonyesha kwa midomo mchumba, ambaye alikuwa anaangalia viatu vyake. "Hakuna aliyenitoa. Niliulizwa, nikasema ndiyo."

"Unamtaka?"

"Namtaka."

"Kuliko sisi?"

Hakujibu haraka. Ndiyo sababu nilimuamini. "Namtaka yeye na nawataka nyie," akasema. "Ila nyie tayari ninao."

Nikamrukia shingoni. Na hapo, jamani, nikaacha mlango.

Ng'ombe wa kweli walikuwa wameshanusa maboga muda mrefu. Dume akamvuta mchumba kama gunia. Wote kumi na wawili wakaingia kwa pamoja, magogo huku, fimbo kule, na wakaanza kula. Wanameza pembe, chokaa, michembe, kila kitu, mate yanatiririka. Nikasikia sauti ya Bibi nyuma yangu, sauti ambayo sikuwa naijua.

"Mbegu zangu! Mbegu za mama yangu!"

Sengi akainuka. Aliingia kati ya pembe za kweli na kitenge chake cha kutolewa, akampiga dume kofi la pua, akatoka na mmoja kwapani. Yule mwekundu. Alishapoteza pembe moja. Wengine kumi waliliwa wakaisha, na kibuyu kikapona, kwa sababu ng'ombe hana habari na kibuyu.

Bibi alikuwa amekaa chini. Sengi akamwekea boga mapajani. Bibi akalipitishia kidole gumba, akitafuta kovu, kama kila jioni. Sote tulisubiri, pamoja na mzee wa pama, kofia mkononi. Halafu Bibi akalirudisha.

"Nenda nalo. Hapa pameshaingia ng'ombe, hapana usalama tena. Ukilikata, nusu ya mbegu uniletee."

Sengi aliondoka nalo amelipakata, amekaa mbele kwenye Fuso. Msimu uliofuata alirudi na tumbo kubwa na mbegu zimefungwa kwenye pindo la kitenge. Bibi akazihesabu mbele yake, bila aibu. Akapanda. Nilichapwa, kama mnataka kujua. Siyo kwa sababu ya wageni, kwa sababu ya mbegu. Kila boga ninalokula likizo Shishiyu ni mjukuu wa ng'ombe yule mwenye pembe moja.

Nilipomaliza, Rehema alikuwa amekaa kitandani kwangu, kisu ubavuni, anatafuna dagaa wangu bila kuomba. "Sasa amekutumia la nini? Si mnayo nyumbani?"

Sikuwa najua. Nikaliinua boga kulifuta vumbi la dagaa, na tumboni, pale ambapo ng'ombe angekuwa na kiwele, paliandikwa kwa masizi, herufi kubwa za mtu anayeandika akiwa amechuchumaa:

DOTO, HUYU NDIYE WA KUMI NA MBILI. WAMETIMIA. NJOO UNICHUKUE.

Nilicheka mpaka matroni akaja mlangoni kuuliza nani anafukuza kuku. Halafu nikalia kidogo, lakini hilo msimwambie mtu. Kufunga shule ni wiki mbili zijazo, na nauli ya Nyashimo ninayo. Rehema alikirudisha kisu kwenye sanduku lake, akarudi na pamba ya dawa na wanja.

"Macho yake yameliwa na dagaa," alisema. "Shika hapo, usimtikise."